Utakula wapi? Maisha ya wasanii katika miji ya shaba

Katika miji ya shaba, kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kijana akiwaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa mwanamuziki au mchoraji, jibu linajulikana hata kabla hajamaliza kusema: "Na utakula wapi?" Swali hilo halikuanza na kobalti. Limekuwako tangu kambi za Union Minière, na wasanii wa sehemu hizi wamelijibu kwa namna mbalimbali, kizazi kwa kizazi. Wengine walidumu na kazi yao mpaka uzeeni. Wengine walipotea, hata kaburi lao halijulikani. Historia yao ina faida wakati huu ambapo familia nyingi za Kolwezi zinahamishwa ili kupisha migodi, na vijana wao wanaingia na gitaa, kamera au brashi katika mitaa mipya ambako bado hakuna anayewajua.

Mahali pa kuanzia ni Bunkeya, katika eneo la Lubudi, ambalo tangu mwaka 2015 liko ndani ya jimbo la Lualaba. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya mfalme Msiri, aliyetoka na watu wake Usumbwa, upande wa Tanzania ya leo, kutafuta shaba na pembe za ndovu. Aliuawa mwezi wa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa na mfalme wa Wabeleji. Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1930, alizaliwa huko mtoto ambaye angepeleka jina la ukoo wa Wayeke mbali kuliko askari yeyote wa Msiri: Jean-Bosco Mwenda, aliyejiita Mwenda wa Bayeke.

Wakati huo kampani ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imebadilisha siasa yake. Hapo mwanzo ilileta wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa kwa magonjwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 iliamua kumkalisha mfanyakazi pamoja na mke na watoto: nyumba ya kambi, posho kila juma, hospitali, shule ya misioni. Watu walianza kusema "kazi njo baba, njo mama". Neno kazi lenyewe likabadilika. Kulima shamba kulibaki kulima, kucheza gitaa kulibaki kucheza, lakini kazi ilikuwa ile yenye namba, msimamizi na mshahara mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mtu mwenye kipawa alijikuta, machoni mwa jirani zake, bila kazi hata kama vidole vyake havikupumzika toka asubuhi mpaka usiku.

Lakini kambi hizo hizo ndizo zilizozaa muziki. Vijana wa makabila mengi walikaa mstari mmoja wa nyumba na kuzungumza Kiswahili. Walikuwa na fedha kidogo mfukoni na Jumapili ya kupumzika. Gitaa ziliuzwa madukani, na santuri za Kuba zilifika kwa meli na kwa treni. Katika komini ya Kenya ya mji wa Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, vijana walianzisha kikundi cha vichekesho na nyimbo kilichoitwa Jecoke. (Kenya hiyo ni jina la mtaa tu, isichanganywe na nchi ya Nairobi.) Mmoja wao alikuwa Edouard Masengo, ndugu yake Mwenda, aliyekuja kuwa jina kubwa yeye pia.

Mwenda alisoma. Jambo hilo linapitwa haraka na wale wanaopenda kusimulia habari za wasanii kana kwamba kipawa kinatosha. Kwa sababu alisoma, alipata kazi ya ofisini Jadotville, yaani Likasi. Na kwa sababu alikuwa na kazi, gitaa lake halikulazimika kumlisha. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi akirekodi muziki wa Waafrika, alifika Jadotville na kumrekodi kijana huyo wa miaka 22. Wimbo mmoja kati ya hiyo, "Masanga", ulitolewa kwenye santuri na ukasambaa kutoka Afrika Kusini mpaka Kenya. Watu waliousikia walidhani gitaa ni mbili. Ilikuwa moja, na vidole viwili: gumba likishika besi bila kutetereka, kidole cha shahada kikitembeza sauti ya juu kana kwamba kina akili yake chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alikaa akaandika noti za upigaji huo, kituo kwa kituo, katika jarida la wataalamu wa muziki wa Afrika.

Hapa ndipo vijana wengi wa leo wangefanya kosa. Sifa ilikuwa kubwa, fedha ilikuwa ndogo. Siku hizo wanamuziki wengi wa Afrika walilipwa mara moja, siku ya kurekodi, na santuri ikiuzwa elfu au elfu kumi haikuwaongezea kitu. Mwenda aliona hilo mapema. Hakuacha mshahara kwa ajili ya makofi. Alikwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamsikiliza kwa makini mpaka mkono wake ukasikika ndani ya nyimbo zao. Kisha akarudi Katanga. Kwa miaka iliyofuata alifanya kazi benki, serikalini na katika kampani ya migodi. Aliendesha bendi ya dansi. Akawa na hoteli upande wa mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mahali ambapo wakubwa wa gitaa wa nchi ile walijulikana, akapiga, akarudi nyumbani. Miaka ya 1980 alialikwa Ulaya, na mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town akiwa karibu na miaka 60, vidole vikiwa bado ni vilevile.

Kutoka 1952 mpaka 1988 ni miaka 36. Wangapi kati ya waliosikika redioni mwaka ule wa 1952 walikuwa bado wanapiga? Kwa vipindi virefu ulimwengu wa nje ulimsahau, wapenzi wa gitaa wa Ulaya wakaulizana kama bado yu hai. Yeye alikuwa Lubumbashi, analipa karo za watoto. Wako wanaosema kwamba mtu wa kipawa kama kile kukaa ofisini ni hasara, kwamba angeacha yote angekuwa mkubwa zaidi. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Mshahara ulimpa Mwenda uhuru ambao wenzake wengi hawakuwa nao: hakulazimika kumsifu mtu ili apate chakula cha jioni, wala kukubali kila mwaliko wa baa, wala kupiga wimbo mmoja mpaka auchukie. Alipochoka, gitaa lilingoja. Msanii anayepiga kila usiku ili ale kesho huwa hana siku ya kungoja, na mwili wake unajua hivyo kabla ya wasikilizaji kujua.

Lakini njia ya Mwenda ilihitaji cheti cha shule. Wengi hawakuwa nacho.

Kulikuwa na njia nyingine, ile ya kutunzwa. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, ikaitwa Hangar. Alikusanya vijana, akawapa rangi na karatasi, akawakataza kuiga wachoraji wa Ulaya, akataka kila mmoja atoe yake. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na ndege zake na samaki zake, Bela aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi, na Mwenze Kibwanga na mistari yake midogo midogo. Kazi zao zilionyeshwa Ulaya na Marekani. Wanunuzi walikuwa wazungu karibu wote. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na mlezi akifa, anayelelewa anajikuta barabarani. Kilichowasaidia baadhi yao ni kwamba tangu 1951 mji ulikuwa na chuo cha sanaa, kilichoanzishwa na Laurent Moonens. Pilipili alifundisha huko na akaishi mpaka uzee mkubwa. Tena ni mshahara, mshahara wa mwalimu safari hii.

Njia ya tatu ndiyo inayogusa zaidi watu wa mitaa ya kawaida, kwa maana haikumtegemea bwana wala cheti. Ilitegemea ukuta.

Miaka ya 1960 na 1970, mfanyakazi wa Gécamines au wa reli aliyepata nyumba yake alitaka chumba cha wageni kilicho na heshima: viti vyenye vitambaa, redio, na picha moja au mbili ukutani. Hakununua picha ya kuagizwa Ulaya. Alimnunulia kijana aliyepita mlangoni na michoro begani, iliyochorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, kwa bei ambayo mshahara wa mwezi uliweza kubeba. Wengine walitaka mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na matatizo. Wengine walitaka picha ya "Colonie belge": askari, mfungwa amelala chini, kiboko, Mbeleji akitazama. Wengine walitaka kijiji tulivu na mto, kama kile walichokiacha wazazi wao. Watu wa Katanga walikuwa na neno lao kwa picha za namna hiyo: ukumbusho. Mgeni akikaa, macho yake yalikwenda ukutani, na mazungumzo yakaanza. Baba aliwaeleza watoto mambo ambayo shule haikusema.

Mchoraji aliyeifikisha kazi hiyo mbali kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Hakupita chuo cha sanaa. Alichora, akatembea, akauza nyumba kwa nyumba, akachora tena. Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika nyumbani kwa Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na lugha aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, na michoro ya kuuza. Kati ya wateja wote wa siku hiyo, huyo alikuwa na muda wa kusikiliza. Tshibumba alimwambia kwamba ana wazo kubwa: kuchora historia yote ya nchi, tangu mababu mpaka leo. Alitoa picha 101. Kuna Msiri, kuna Wabeleji, kuna Lumumba mara nyingi, kuna vita vya Katanga, kuna hata siku za mbele ambazo zilikuwa bado hazijafika. Kila picha waliizungumzia kwa Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo yakarekodiwa. Fabian alikitoa kitabu mwaka 1996, na michoro yenyewe leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho Amsterdam. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Alisema mwanahistoria wa vitabu anaandika, yeye anachora, lakini kazi ni moja, kuwafanya watu wafikiri.

Picha hizo za Lumumba hazikuwa mchezo. Nchi ilikuwa chini ya chama kimoja, na jambo la kusema hadharani lilipimwa mara mbili. Tshibumba alijua. Kwa hiyo alichora vilevile mandhari na vijiji, picha zisizo na kesi, ambazo ziliuzwa haraka na kuleta bukari nyumbani. Mtu akitazama orodha ya kazi za mchoraji wa aina hiyo, aone vijiji kumi kwa kila Lumumba mmoja, asimdharau. Vile kumi ndivyo vilivyomlipia yule mmoja rangi.

Tatizo la njia hii lilikuwa mahali pengine. Bei ya shaba duniani ilianguka miaka ya 1974 na 1975, muda mfupi baada ya serikali ya Mobutu kugawa biashara za wageni kwa watu wake. Fedha ya zaire ikaanza kupoteza nguvu mwezi kwa mwezi. Mwaka 1977, halafu Mei 1978, vita viliingia Shaba. Kolwezi ilishikwa tarehe 13 Mei 1978, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Raia wengi walikufa, weusi na weupe. Familia zilikimbilia porini, nyumba ziliibwa. Mfanyakazi aliyebaki na mshahara wake alianza kuhesabu: unga, mafuta, dawa, karo. Picha ya ukutani ilikuwa kitu cha kwanza kutoka kwenye hesabu. Habari za Tshibumba zinakatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa hajafika miaka 40. Mtu aliyewachorea wengine ukumbusho wa nchi nzima hakuacha alama ya siku zake za mwisho.

Linganisha na Mwenda. Wote wawili walikuwa na akili na bidii. Mmoja alikuwa na mshahara nje ya sanaa yake. Mwingine aliishi kwa mshahara wa wateja wake, na wateja walipoanguka walianguka naye. Hakukuwa na bima, chama cha wachoraji wala mfuko wa kumsubirisha. Uhodari wa Tshibumba haukupungua hata kidogo kati ya 1974 na 1980. Kilichopungua ni kuta zenye mwenye nyumba aliye na fedha.

Kuna waliodumu kwa kushikana. Kundi la michezo la Mufwankolo, likiongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, lilifanya watu wa Lubumbashi wacheke kwa miongo, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa sokoni. Mchezo wao haukuandikwa neno kwa neno. Walikubaliana juu ya habari, wakagawana watu, wakajaribu mpaka ukasimama. Mwaka 1986 walicheza kisa kuhusu madaraka na namna yanavyoliwa, jambo zito kwa mwaka ule, na waliweza kulisema kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Katika kundi mmoja akiugua mwingine anashika nafasi yake. Mchoraji peke yake na homa hana wa kushika brashi.

Halafu ukaja mwezi wa Septemba 1990. Mwezi huo Mwenda wa Bayeke alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Mwezi huohuo sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, ilianguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikutoa hata 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilichelewa, ikawa ya nusu, ikawa hakuna. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi amewaita watu wa kizazi hicho watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba anayesemwa hapo ni kampani. Mama ndio waliosimamisha nyumba, kwa kuuza unga, makala, mboga, nguo kuukuu. Vitabu vya sanaa vya Katanga vimejaa majina ya wanaume, na havisemi mara nyingi nani alikuwa anauza sokoni wakati mume amekaa mbele ya kitambaa cha mfuko wa unga. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mkupuo mwaka 2003 na 2004, kwa malipo ya mara moja.

Na kabla ya hapo, 1992 na 1993, yalitokea mambo ambayo familia nyingi za miji hii hazipendi kuyasimulia mbele ya watoto. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao Likasi na Kolwezi. Walilala majuma na miezi katika vituo vya treni wakingoja behewa. Wengi walifia humo na njiani, hasa watoto. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi picha ya ukutani. Ukumbusho uliokusanywa kwa miaka 20, mshahara kwa mshahara, ulibaki nyuma ya mlango uliovunjwa. Hasara ile haikuandikwa katika hesabu yoyote ya vita, lakini mchoraji aliyebaki mjini aliihisi, kwa maana mitaa aliyokuwa akipita na michoro begani ilikuwa na wenyeji wapya, maskini kuliko wa kwanza.

Leo Kolwezi ina fedha tena. Malori yanapita usiku na mchana. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo. Watu walichimba ndani ya viwanja, hata ndani ya vyumba, na mwaka 2017 familia za sehemu moja ya mtaa zilihamishwa na mahali pakazungushiwa ukuta. Mitaa mingine inaendelea kuliwa na mashimo. Wanaohamishwa hupewa hesabu ya nyumba: vyumba, bati, miti ya matunda. Hakuna mstari wa karatasi hiyo unaohesabu kwamba mpiga gitaa wa kona alikuwa na watu 30 waliomjua kwa jina, waliomwita kwenye harusi na kwenye kilio, au kwamba fundi wa kuandika mabango alikuwa na maduka sita yaliyomlipa kila mwaka kupaka rangi upya. Mtaa ndio ulikuwa mshahara wake. Akihamishwa kilomita 20 peke yake, jirani wa zamani wengine wamekwenda upande wa pili wa mji, anaanza kutoka sifuri hata kama fidia ilikuwa ya haki, na mara nyingi si ya haki.

Msanii wa Lubumbashi Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, aliona jambo linalohusu kuta hizo. Katika kazi yake iliyobeba jina la Kolwezi alipiga picha za migodi na za maisha ya wachimbaji wa mikono, akaziweka bega kwa bega na mabango yanayouzwa sokoni, ya kutengenezwa China: maporomoko ya maji, majumba ya kifahari, bustani zisizo na vumbi. Mahali palipokuwa na "Colonie belge" au mamba muntu, sasa pana bango hilo. Ni la bei rahisi, ni la rangi kali, na hakuna mtoto atakayemwuliza baba yake habari yake. Mtu asimlaumu anayelinunua. Anaishi chini ya hema au bati, anataka kitu kizuri cha kutazama kabla ya kulala. Lakini ile fedha kidogo ilikuwa zamani inabaki mtaani, mikononi mwa kijana wa mtaa.

Baloji mwenyewe amepata njia ambayo Tshibumba hakuipata. Kazi zake zimefika Venice na Kassel, anaishi kati ya Brussels na Lubumbashi, na badala ya kukaa na jina lake peke yake alianzisha na wenzake, mwaka 2008, kituo cha Picha, kinachoandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi. Mwandishi Fiston Mwanza Mujila, wa mji huohuo, mwenye riwaya "Tram 83" ya mwaka 2014, anakaa Graz, Austria, na amekuwa akifundisha huko. Ukitazama vizuri, hesabu ni ile ile ya Mwenda: kitabu upande mmoja, darasa upande mwingine. Tofauti ni kwamba sasa mshahara wa namna hiyo unapatikana zaidi nje kuliko nyumbani, na mpanda ndege haonekani tena katika harusi za mtaa.

Vijana wa Kolwezi wasio na ndege wala cheti wanajipanga kwa namna yao. Anayerekodi nyimbo katika chumba kidogo mchana anachaji simu za watu kwa malipo. Mchora mabango anaendesha pikipiki. Wengine wanashuka mashimoni siku tatu za juma na kufanya mazoezi ya kwaya siku zilizobaki, na hao ndio wa kuwaonea wasiwasi, kwa sababu shimo halimrudishii mtu mapafu wala vidole vyake. Kazi ya pembeni ya Mwenda ilimlinda, hii inamla. Mzazi anayeuliza "utakula wapi" angeuliza pia kazi ipi itamwacha mwana na mikono mizima jioni, maana kuna ufundi wa kushona, wa umeme, wa kunyoa, wa kufundisha watoto, ambao unalipa kidogo na hauvunji mgongo.

Na katika mitaa mipya ya waliohamishwa, nyumba nyingi zina kuta tupu za saruji ambazo bado hazijapakwa rangi. Watoto waliozaliwa Kasulo hawana picha ya Kasulo ilivyokuwa kabla ya mashimo: miti ya maembe, njia za udongo mwekundu, mama wanaouza mbele ya milango. Wanaoikumbuka bado wako hai. Wachoraji wako. Mfuko wa unga unapatikana kila nyumba.